Nyoka Mdogo wa Majimaji: Makao na Chakula Chake

Uwanda wa juu wa Newala ni nchi ya mchanga. Mvua inyeshayo humezwa na ardhi, na ndiyo sababu tangu zamani wakazi wake waliteremka bondeni kuteka maji, hadi mradi wa maji ya bomba ulipoanzishwa katika miaka ya 1950. Mwanachama mwenye mikorosho juu na jaruba la mpunga chini, upande wa Mto Ruvuma, hukutana huko na viumbe asiowaona nyumbani kwake. Mmojawapo ni nyoka mdogo wa majimaji, ambaye wataalamu humwita Natriciteres olivacea. Mjerumani Wilhelm Peters ndiye aliyemwandika kwanza, mwaka 1854, kutokana na nyoka wa Tete, Msumbiji.

Urefu wake kwa kawaida hauzidi nusu mita. Mgongo ni wa kahawia au kijivu, na tumbo lina umanjano. Hukaa kando ya vijito, madimbwi na vinamasi, akijificha chini ya magogo na majani yaliyooza. Tena ni mwogeleaji hodari. Chakula chake kikubwa ni vyura wadogo na viluwiluwi, pamoja na visamaki, na kumbikumbi watokapo baada ya mvua. Akishikwa mkia hujizungusha mpaka mkia ukatike, akaenda zake. Mkia huo hauoti tena kama wa mjusi, ndiyo maana wengi wao huonekana na vigutu.

Hana sumu ya kumdhuru mtu, lakini huuawa kila aonekanapo. Hata hivyo, asiyemjua vema asimshike. Mahali hapohapo penye vyura huwinda pia nyoka mfupi, mnene, mwenye alama ya kishale kichwani, naye ana sumu. Anayeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba. Kiungo kitulizwe, naye apelekwe hospitali upesi.

Adui wa nyoka huyu si fimbo peke yake. Ngozi ya chura hupenyeza maji, na pamoja nayo sumu iliyomo. Chura akifa, mlaji wake hukosa chakula. Maji hayo ndiyo watu wanayoteka. Makatibu wanaogawa dawa za mikorosho wawaeleze wanachama kwamba bomba la kunyunyizia lisioshwe kijitoni wala kisimani, bali maji ya kusuuzia yamwagwe shambani, juu, mbali na bonde.