Ukurasa wa Karatasi Hauingii Kwenye Simu

Taasisi nyingi zikitangaza kwamba ripoti au kitabu chao sasa kinapatikana mtandaoni, kilichofanyika ni kimoja tu: faili ileile ya PDF iliyopelekwa kiwandani kuchapwa imepandishwa kwenye tovuti. Msomaji anaifungua kwenye simu na kukuta ukurasa wa A4 umebanwa kwenye kioo kisichozidi upana wa kiganja. Anaukuza, anauvuta ili amalizie mstari, anaurudisha ili aanze mwingine. Maandishi yakiwa ya safu mbili, akifika chini inambidi apande tena juu kutafuta safu ya pili inapoanzia. Wakati huohuo bando lake limelipia faili nzima, pamoja na picha nzito zilizokusudiwa mtambo wa kuchapa, hata kama alichotaka ni aya moja.

Dawa ni kuyatoa maandishi kwenye ukurasa wa karatasi na kuyafanya ukurasa wa wavuti, yaani HTML, ambao hujipanga upya kulingana na upana wa kioo. Wengi hudhani hiyo ni kazi ya kubofya kitufe. Programu za kusanifu kurasa kweli zinacho kitufe hicho, na huduma za kugeuza PDF kuwa HTML kwa dakika moja zimejaa mtandaoni. Kinachotoka humo hufanana na ukurasa wa wavuti kwa macho tu. Kazi yangu ni kuhamisha vitabu na majarida, na msimamo wangu ni kwamba usafi wa ukurasa wa wavuti huamuliwa kwenye meza ya msanifu kurasa, siku anapoweka kichwa cha kwanza cha sura, muda mrefu kabla mtu yeyote hajaufikiria mtandao.

Sababu iko kwenye asili ya zana zenyewe. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ilitoa PageMaker, ikaungana na printa ya LaserWriter ya Apple na lugha ya PostScript ya Adobe, na kazi iliyohitaji chumba kizima cha wapanga chapa ikahamia kwenye kompyuta ya mezani. QuarkXPress ikafuata mwaka 1987, InDesign mwaka 1999. Zote humwuliza msanifu swali moja: kitu hiki kikae wapi? HTML, aliyoibuni Tim Berners-Lee akiwa CERN, huuliza swali jingine: kitu hiki ni nini? Ni kichwa, aya, orodha, nukuu au jedwali? Sura yake inaachiwa CSS, ambayo toleo lake la kwanza lilipitishwa mwaka 1996. Anayehamisha kitabu kutoka upande mmoja kwenda mwingine anajibu swali la pili akiwa ameshika majibu ya la kwanza.

PDF ndiyo chanzo kibaya kuliko vyote, ingawa ndiyo faili ambayo kila ofisi inayo. Adobe iliitoa mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Lakini ndani yake hamna aya. Mna amri za kuchora: chora umbo hili la herufi, kwa ukubwa huu, umbali huu kutoka pembe ya chini kushoto. Hata nafasi kati ya neno na neno si lazima iwemo. Kigeuzi hukisia kwamba pengo likizidi kiasi fulani basi neno jipya limeanza. Nambari ya ukurasa na jina la sura linalojirudia juu huingia katikati ya sentensi iliyovuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kistari kilichokata neno mwishoni mwa mstari kinabaki, na msomaji anakuta “wana-nchi” katikati ya mstari. Fonti nyingi huchora herufi f na i zilizofuatana kama umbo moja, na umbo hilo likikosa maelezo yake ndani ya PDF, hupotea. “Fikiri” inakuwa “kiri”. Hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayolikamata kosa hilo, kwa kuwa “kiri” nalo ni neno halali.

Tangu mwaka 2001 PDF imeweza kubeba lebo za kueleza kipi ni kichwa na kipi ni aya, na mwaka 2012 kikatoka kiwango cha kimataifa cha PDF inayosomeka na wenye ulemavu. Lebo hizo zinakuwemo pale tu mtu alipoziweka.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuomba faili asilia. Kama ni ya InDesign, omba pia nakala ya IDML, ambayo kwa kweli ni mfuko wa ZIP uliojaa faili za XML. Ukiufungua utakuta folda ya maandishi, kila mkondo kwenye faili yake, na kila aya imeandikwa jina la mtindo wake. Hapo ndipo siri za msanifu zinapofichuka.

Chukua wasanifu wawili. Mmoja anachagua maneno ya kichwa, anayapa ukubwa wa pointi 18, anayakoza, anayatia rangi ya bluu. Mwingine anatengeneza mtindo, anauita “Kichwa cha sura”, anauwekea sifa hizohizo, kisha anautumia kitabu kizima. Karatasini hutaona tofauti. Kwenye HTML, kazi ya wa kwanza inatoka kama aya ya kawaida iliyofungwa ndani ya lebo zenye majina kama CharOverride-1, CharOverride-2 na kuendelea, moja kwa kila mchanganyiko wa sifa aliouweka kwa mkono. Ya wa pili inatoka kama h1, kwa sababu InDesign huruhusu kila mtindo uambiwe mapema utageuka kuwa lebo gani. Injini ya kutafuta inakielewa kichwa hicho. Msomaji asiyeona, anayetumia TalkBack, programu ya kusoma kioo kwa sauti, kwenye simu yake, anaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa kama mwenye macho anavyopekua kurasa. Katika kitabu cha msanifu wa kwanza hana pa kurukia. Atasikiliza kurasa zote kuanzia mwanzo hadi afike anakotaka. Hili linaniuma kuliko kasoro nyingine zote za kazi hii, kwa kuwa lingezuilika kwa kutaja jina la kitu tu.

Mitindo ipewe majina ya kazi yake: Aya ya kwanza, Nukuu ndefu, Maelezo ya picha, Tanbihi. Jina kama “Bluu 18” halimwambii kitu mtu atakayekuja baadaye. Nafasi kati ya aya iwekwe ndani ya mtindo, si kwa kubonyeza Enter mara mbili, kwani kila Enter ya ziada huzaa aya tupu. Mstari usikatwe kwa mkono ili kichwa kikae vizuri. Kwenye kioo chembamba utakatika hapo ulipoukata, na tena pale kioo kinapoishia.

Mpangilio wa kusoma nao unahitaji jicho. Usipoielekeza, InDesign hutoa visanduku kwa kufuata vilivyokaa ukurasani, kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini. Dondoo kubwa lililowekwa kando kwa urembo hujikuta limepasua makala. Tangu toleo la mwaka 2011 kuna paneli ya makala, ambamo msanifu huburuta visanduku na kuvipanga kama vitakavyosomwa. Ni kazi ndogo kwa jarida zima, na huokoa kazi nyingi mno ya kurekebisha.

Mashairi ndiyo mtihani halisi, na kwa wachapishaji wa Kiswahili hayakwepeki. Shairi la tarbia lina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo vipande viwili, ukwapi na utao, kwa kawaida mizani 8 kwa 8. Wasanifu wengine huandika mshororo mzima kwenye mstari mmoja na kutia mkato katikati. Wengine hubonyeza Tab ili utao usogee kulia ujipange. Wengine huweka ukwapi zote kwenye kisanduku cha kushoto na utao zote cha kulia, na ukurasa unapendeza kweli. Lakini kigeuzi hukisoma kisanduku cha kushoto chote, kisha cha kulia chote. Ubeti unatoka na ukwapi nne zikifuatana, halafu utao nne. Vina vya kati vimerundikana mahali pamoja na vya mwisho mahali pengine, na maana imevunjika, maana sentensi iliyoanzia kwenye ukwapi ilikuwa imalizikie kwenye utao. Ile Tab nayo haisaidii, kwa sababu HTML huihesabu kama nafasi moja tu na pengo linafutika.

Njia ninayoishika ni kuutendea ubeti kama ulivyo katika elimu ya ushairi. Ubeti unakuwa kitengo kimoja. Ndani yake kila mshororo una lebo yake, na ndani ya mshororo kila kipande kina lebo yake. Kisha CSS inaambiwa vipande viwili vikae sambamba kama nafasi ipo, na kama haipo utao ushuke chini ya ukwapi ukiwa umesogea ndani kidogo, na kipande kisikatwe katikati kamwe. Kipande cha mizani 8 kwa kawaida kinaenea kwenye mstari mmoja wa simu ndogo. Msomaji wa kompyuta anaona umbo la kitabuni, wa simu anaona ngazi, na wote wawili wanasoma shairi lilelile kwa mfuatano uleule. Wala si jambo geni: katika miswada ya hati za Kiarabu ubeti wa utenzi mara nyingi uliandikwa kwenye mstari mmoja mrefu wenye vipande vinne, vitabu vya chapa vikaushusha kuwa mistari minne mifupi, na utenzi ukabaki utenzi.

Sheria na kanuni zina mtego wa aina nyingine. InDesign huhesabu vifungu yenyewe, na wakati wa kutoa HTML hukuuliza: nambari ziwe orodha itakayohesabiwa na kivinjari, au ziwe maandishi? Kwa kitabu cha mapishi chagua la kwanza. Kwa sheria chagua la pili bila kusita. Kifungu cha 14 kikifutwa na kuondolewa, kivinjari kitakiita cha 15 kuwa cha 14, na kila hukumu inayorejelea kifungu cha 15 itakuwa imeelekeza mahali sipo. Nambari ya kifungu ni jina lake la kisheria, na kila kifungu kipewe kitambulisho chake ili wakili aweze kutuma kiungo kinachofika moja kwa moja kwenye 12(3)(b). Kwa nyaraka za sheria na bunge kipo hata kiwango maalumu cha XML, Akoma Ntoso, kilichoanzia katika mradi wa Umoja wa Mataifa kwa mabunge ya Afrika na kupitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2018.

Kuna na mambo ya lugha yetu ambayo programu hazitayashughulikia zenyewe. Alama iliyo katika ng’ombe na ng’oa huandikwa kompyutani kwa herufi zaidi ya moja zinazofanana machoni: ile iliyonyooka ya kibodi, ile iliyopinda ya wachapaji, na wakati mwingine ile ya kufungulia nukuu iliyowekwa kimakosa. Baadhi ya mifumo ya kutafutia ndani ya tovuti huziona ni herufi tofauti, na anayetafuta ng’ombe akaambiwa hayupo. Chagua moja, igeuze kote. Vilevile lugha ya ukurasa itangazwe kuwa sw, msimbo wa Kiswahili. Wasanifu wengi huacha kamusi ya InDesign ikiwa kwenye Kiingereza, na tangazo hilo linaweza kusafiri hadi kwenye HTML. Hapo sauti ya simu itayasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza.

Picha zina kanuni chache. Ya upana wa inchi 10 kwa nukta 300 kila inchi ina pikseli 3,000 kwa upana, nyingi kuliko simu inavyohitaji, ipunguzwe. Rangi za CMYK zigeuzwe ziwe za RGB, vinginevyo zitaonekana zimepotoka. Kila picha iwe na maelezo mbadala yaliyoandikwa na mtu aliyeielewa. Jedwali lililochapwa kama picha liandikwe upya kama jedwali, lenye vichwa vya safu vilivyotajwa kuwa vichwa.

Baada ya hapo zima CSS uusome ukurasa ukiwa mtupu, mweusi kwa mweupe. Ukieleweka hivyo, umetengenezwa vizuri. Kisha ufungue kwenye upana wa pikseli 320, kipimo ambacho miongozo ya kimataifa ya ufikivu ya mwaka 2018 hukitumia, uone kama kuna mahali unapolazimika kuvuta kulia. Kisha washa TalkBack, fumba macho, usikilize sura moja.

Tatizo linalowakwamisha wachapishaji wengi wadogo ni kwamba faili asilia hawana. Msanifu wa kujitegemea alikabidhi PDF, akalipwa, na miaka imepita. Kwa vitabu hivyo vya nyuma hakuna njia ya mkato: maandishi yatolewe kwenye PDF au yasomwe kwa programu ya kutambua herufi, kama Tesseract ambayo ina data ya Kiswahili, kisha msahihishaji ayalinganishe na kitabu neno kwa neno. Kwa vitabu vya kesho, mkataba ndio wa kurekebishwa. Useme kwamba msanifu atakabidhi faili ya InDesign, IDML yake, picha zote na orodha ya fonti. Kwamba maandishi yote yatakuwa na mitindo yenye majina ya kazi. Na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa faili hizo zikishafunguka kwenye kompyuta ya mchapishaji mwenyewe.