Viza ya Majirani Haifiki Butiama

Swali la juma hili limetoka Bunda. Mgeni wa Kizungu yuko Nairobi, ana viza ya utalii ya Afrika Mashariki. Je, avuke Sirari aje Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu?

Hapana. Jina la viza hiyo linapotosha, nami siwalaumu wanaopotoka. Ilianza mwaka 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo.

Mgeni aombe viza yetu kwa mtandao kabla hajapanda basi: dola 50 ya kawaida, Mmarekani 100. Raia wa nchi fulani lazima kwanza wasubiri kibali cha Uhamiaji. Hao hawapewi viza mpakani. Mkenya haulizwi viza.

Basi wewe mwenyeji, usimkatie tiketi ya Musoma kabla jibu halijatoka.