Gari la Huduma Lililochoka: Litengenezwe au Liuzwe?

Maelezo kwa kamati za parokia na kwa wafadhili wetu

Si ajabu kufika kwenye parokia au zahanati ya Kanisa mkoani Tabora na kukuta Land Cruiser au Land Rover ya dizeli imesimama juu ya matofali, matairi yametolewa na kuku wanataga ndani. Gari hilo lililetwa kutoka ng'ambo kwa sadaka za watu wengi. Limefanya kazi miaka 15 au 20, kisha likasimama. Kamati hukutana, wengine wakasema liuzwe kama chuma chakavu, wengine wakasema aandikiwe mfadhili aombwe jipya. Mara chache huulizwa swali la tatu: je, laweza kufufuliwa, na kwa utaratibu gani?

Swali hili si la mafundi peke yao. Lami imefika mjini Tabora kutoka Nzega na kutoka Itigi, lakini vijiji vingi bado hufikiwa kwa njia za mchanga katikati ya miombo, na masika yakija, mbuga za udongo mweusi hazipitiki kwa gari la kawaida. Gari likisimama, timu ya chanjo haifiki. Mama mwenye uchungu pingamizi hubebwa kwa baiskeli au pikipiki hadi barabarani akitafutiwa usafiri wa kufika Kitete, Ndala, Nkinga au Sikonge. Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa hatua kwa hatua namna ya kuamua, na namna ya kutengeneza.

SOMO LA NJIA YA MISAFARA

Tatizo la vyombo vya usafiri kutoka nje ni la zamani katika njia yetu. Mwaka 1871 Stanley alitumia miezi mitatu, kuanzia Machi hadi Juni, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, mizigo yake ikiwa mabegani mwa wapagazi. Wamisionari wa London walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani mwaka 1876 na 1877. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India ili wabebe mizigo kuelekea Ziwa Tanganyika. Tembo wakafa, na mpango ukaachwa. Waliodumu ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa kuwa walizijua njia, maji na vituo vyake. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ilikuja pamoja na karakana zake na mafundi wake.

Funzo ni kwamba chombo hudumu pale tu palipo na mtu wa kukitunza na mahali pa kupata vifaa vyake. Hata Padre Paul Schulte, aliyeanzisha shirika la MIVA huko Ujerumani mwaka 1927 ili kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri baada ya rafiki yake kufariki Afrika mbali na msaada, alikuwa rubani aliyeelewa mashine. Kutoa gari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulitunza.

HATUA YA KWANZA: OSHA, KISHA KAGUA

Msifungue injini kwanza. Osheni gari lote, hasa upande wa chini, mpaka chuma kionekane. Kisha kaguliwe na fundi asiye yule atakayepewa kazi, ili asiwe na sababu ya kuongeza wala kupunguza.

Jambo la kwanza ni chesisi. Injini, giaboksi na breki vyote hubadilishika, lakini chesisi iliyooza ndiyo mwisho wa gari. Gongeni kwa nyundo ndogo sehemu zote, hasa nyuma ya matairi na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia, na kilichooza hutoa sauti nzito au hutoboka. Gari lililotumika Japani kwenye barabara zenye chumvi ya kuyeyushia theluji, au lililofanya kazi miaka mingi pwani, laweza kuwa na rangi nzuri juu na kutu mbaya chini. Kwa Land Rover msidanganywe na bodi. Bodi ni ya aluminiamu na haishiki kutu nyekundu, ila chesisi yake ni ya chuma.

Jambo la pili ni utambulisho. Someni kibati cha gari na kuandika aina yake, namba ya chesisi na aina ya injini. Kwa mfano, Land Cruiser nyingi za huduma zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1990 zina injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, yenye pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta. Injini hiyo inafahamika kwa mafundi wengi na spea zake zinapatikana. Angalieni pia umeme. Baadhi ya magari ya dizeli yaliyotumika Japani yana mfumo wa volti 24, si 12. Kamati ikinunua stata na taa bila kujua hilo, fedha zimepotea.

Jambo la tatu ni karatasi. Hakikisheni kwamba namba ya injini inafanana na kadi ya gari. Kama injini iliwahi kubadilishwa bila taarifa kupelekwa TRA, rekebisheni kwanza. Gari lenye karatasi zisizoeleweka haliwezi kukatiwa bima wala kuuzwa kwa haki.

HATUA YA PILI: SIKILIZENI INJINI KABLA YA KUIFUNGUA

Kama injini inawaka, moshi wake una habari. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: huenda chujio la hewa limeziba au nozeli zimechoka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe asubuhi, unaokoma injini ikipata moto, mara nyingi ni dizeli isiyoungua vizuri. Usipokoma na maji yakawa yanapungua kwenye rejeta, shukuni gasketi ya silinda hedi au ufa kwenye hedi yenyewe.

Kisha fungueni kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Ikiwa moshi unatoka kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji na kulinganisha na kitabu cha kiwanda. Silinda zikiwa chini kidogo lakini zinalingana, injini ni mzee mwenye afya. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, kuna ugonjwa.

Huku kwetu adui mkubwa wa injini ni vumbi. Fungueni bomba linalopeleka hewa kutoka kwenye chujio hadi kwenye injini na kupitisha kidole kisafi ndani. Kukiwa na vumbi, hewa inapita pembeni ya chujio. Huenda mkonga ule unaopanda kando ya kioo umelegea kwenye viungo, au chujio ni la bei rahisi lisilokaa sawasawa. Injini mpya ikifungwa kwenye bomba lile lile itakula mchanga na kufa kama ya kwanza.

Adui wa pili ni mafuta machafu. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji, mchanga wa kwenye mapipa, au mafuta ya taa yaliyochanganywa huila taratibu. Ndiyo maana EWURA ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwabana wachanganyaji. Nunueni kwenye kituo kinachotoa risiti, na kila wiki mfungue koki iliyo chini ya chujio la dizeli ili maji yatoke.

HATUA YA TATU: AMUENI

Baada ya ukaguzi, andikeni makadirio yote kwenye karatasi moja: spea, ufundi, usafirishaji kutoka Dar es Salaam au Mwanza, na akiba ya asilimia 20 kwa yale yatakayoonekana baada ya kufungua. Ombeni ankara kifani tatu. Kisha linganisheni na bei ya gari kama hilo lililo zima. Kumbukeni kuwa gari kuukuu likiagizwa sasa kutoka nje hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake, hivyo bei ya mnadani Japani si bei ya kulifikisha Tabora.

Ushauri wetu ni huu. Chesisi ikiwa nzima na makadirio yakiwa chini ya nusu ya bei hiyo, tengenezeni. Chesisi ikiwa imeoza, uzeni kwa mnada wa wazi, hata kama roho inauma kwa sababu ya kumbukumbu ya padre au sista aliyelileta. Yakiwa katikati, ulizeni: je, tuna dereva mmoja anayejulikana, na fedha za matengenezo ya kila mwezi? Jibu likiwa hapana, hata gari jipya halitawafaa.

HATUA YA NNE: MPANGILIO WA KAZI

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuanza na rangi. Gari hupendeza, wafadhili hupelekewa picha, na miezi michache baadaye limesimama tena. Fuateni mpangilio huu:

1. Breki, usukani na matairi. Gari lisilowaka halimuui mtu, ila lisilosimama linaua. Badilisheni mipira yote ya breki, silinda za magurudumu na mafuta ya breki. Vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asibesto, hivyo lioshwe kwa maji, lisipulizwe kwa upepo.

2. Ekseli ya mbele. Katika Land Cruiser za zamani, oili ya difu ikivuka sili iliyochoka huchanganyika na grisi kwenye kifundo cha gurudumu. Dalili yake ni uji mweusi unaochuruzika ndani ya gurudumu. Msiongeze grisi tu. Fungueni, osheni, wekeni sili na beringi mpya pande zote mbili kwa pamoja.

3. Kupoza injini. Rejeta hujaa mbegu za majani na tope. Itolewe na kusafishwa, mipira yote ibadilishwe, feni ikaguliwe. Hedi nyingi hupasuka kwa sababu ya joto wala si kwa uzee.

4. Injini. Ikibidi kufunguliwa, silinda na krenki zipimwe kabla ya kuagiza spea, ili pistoni na beringi ziwe za saizi inayotakiwa. Mkanda wa taimingi ubadilishwe bila kujali unavyoonekana. Kwa 1HZ kiwanda kinaagiza kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni na kazi yote hurudi mwanzo. Injini ya mtumba kutoka Japani yaweza kuwa nafuu, ila historia yake haijulikani. Ipimwe mgandamizo kabla ya kulipa, na ikifungwa, TRA wataarifiwe.

5. Klachi, giaboksi, springi na bushi zake.

6. Umeme. Nyaya zilizoungwaungwa ziondolewe, kwani ndizo chanzo cha moto.

7. Mwisho, bodi na rangi. Kutu ikatwe, isifunikwe.

Kwa kilomita 1,000 za kwanza baada ya injini kufungwa upya, gari lisibebe mzigo mzito wala kukimbizwa. Kisha oili na chujio lake vibadilishwe. Oili chafu ihifadhiwe kwenye pipa, isimwagwe karibu na kisima.

HATUA YA TANO: FEDHA NA DAFTARI

Spea za zamani zote zirudishwe kwa kamati na kuonyeshwa kabla ya fundi kulipwa. Utaratibu huo humlinda fundi mwaminifu dhidi ya maneno, na huilinda kamati dhidi ya asiye mwaminifu. Malipo yawe kwa awamu, kila awamu kwa kazi iliyokaguliwa.

Gari likirudi barabarani, lianzishiwe daftari lenye tarehe, kilomita, safari, mafuta, oili na matengenezo. Kila anayetumia gari kwa safari ambayo si ya huduma alipie kwa kilomita, awe mwenyekiti au paroko. Fedha hizo ziwekwe katika akaunti ya gari peke yake. Huko Austria, wachangiaji wa MIVA wamezoea kutoa sehemu ndogo ya senti kwa kila kilomita waliyosafiri bila ajali, kama shukrani. Nasi tunaweza kutenga kiasi kidogo kwa kila kilomita ili siku mkanda wa taimingi utakapodaiwa, fedha iwepo.

KWA WAFADHILI WETU

Tunafahamu kwamba ni rahisi zaidi kuchangia gari jipya lenye bango ubavuni kuliko kuchangia sili, beringi na nozeli. Hata hivyo, tunawaomba mpokee maombi ya matengenezo kwa uzito ule ule, mradi yameambatanishwa na taarifa ya ukaguzi, ankara tatu na nakala ya daftari la gari. Kamati isiyoweza kuonyesha daftari la gari la kwanza ielezwe kwa upole kwamba bado haijawa tayari kwa la pili.

Na kwa kamati: kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndicho wakati wa kufungua gari. Mvua zikianza Novemba, watu watalihitaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anzeni na nyundo ndogo na ndoo ya maji. Hivyo havihitaji mfadhili.