Sindano moja dhidi ya surua na kichaa cha mbwa: utafiti unatafuta nini?

Mtoto nchini Kenya huchanjwa dhidi ya surua na rubela akifikisha miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18, bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Kichaa cha mbwa hakimo kwenye ratiba hiyo. Kwa kawaida mtu huchanjwa baada ya kung'atwa, na hapo ndipo mzazi huanza kuhangaika: kituo gani kina dawa, na nauli ya kurudi mara nne au tano itatoka wapi?

Pengo hilo ndilo chanjo ya pamoja inalenga kuziba. Njia mojawapo inayofanyiwa kazi katika maabara ni kuchukua virusi vya kichaa cha mbwa vilivyodhoofishwa, kuvipachika protini ya virusi vya surua, kisha kuviua kabla ya kutengeneza chanjo. Virusi vilivyokufa haviwezi kumwambukiza mtu, lakini mwili hujifunza kuyatambua magonjwa yote mawili. Kiwanda hutengeneza chanjo moja badala ya mbili, na mama hufunga safari moja.

Kuunganisha chanjo si jambo geni. Ile ya pentavalenti, ambayo watoto wa Kenya huipata tangu wakiwa na wiki 6, hukinga magonjwa 5, yakiwemo dondakoo, kifaduro na pepopunda.

Faida kubwa itaonekana siku mtoto atakapong'atwa. Aliyechanjwa mapema bado ni lazima afike hospitalini, ila huhitaji dozi mbili tu, wala hahitaji ile sindano ya kingamwili inayodungwa kwenye kidonda, ambayo ni ghali na adimu. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15.

Chanjo hiyo ya pamoja bado haimo katika zahanati yoyote. Anayedai kuiuza ni tapeli.

Kwa sasa, aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa na majani hayasaidii. Kungoja kuona kama mbwa ataugua ni hatari, kwa kuwa dalili kama vile kuogopa maji zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara hufariki.

Visa 99 kati ya 100 vya binadamu hutokana na mbwa, na kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo hukata maambukizi. Watoto wa mbwa pia wapelekwe kuchanjwa wakati maafisa wa mifugo wanapozuru vijiji. Cheti kihifadhiwe: mbwa aliyechanjwa akimng'ata mtu, aliyeng'atwa bado huenda hospitalini, na cheti hicho humsaidia daktari kuamua matibabu.