Ziara za Wanafunzi wa Kikristo: Zipangwe kwa Akili, Zisifanywe kwa Pupa

Likizo za shule zinapokaribia, bandari ya Malindi hapa Unguja hupokea makundi ya wanafunzi kutoka Bara. Miongoni mwao wamo watoto wa shule za makanisa, wengi wao wa kidato cha kwanza na cha pili, wenye umri wa miaka 13 hadi 15, wanaokuja kujifunza historia ya imani yao katika mahali ilipopandwa mbegu yake. Ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini wema wa jambo hauondoi haja ya kulipanga, na ni juu ya mpango huo kwamba tunapenda kutoa rai yetu leo kwa wenyeji wa visiwa hivi, kwa viongozi wa shule na makanisa, na kwa maofisa wa Serikali ambao kalamu zao huruhusu au huzuia safari hizi.

Kwanza kabisa, ziara si mandari. Mandari ina mahali pake, wala hatumnyimi mtoto haki ya kuogelea na kula urojo. Bali shule inapowaomba wazazi fedha kwa jina la elimu na la dini, hapana budi ieleze mapema ni nini watoto watakachojifunza, nani atakayewafundisha, na watakaporudi watatoa nini. Shule isiyoweza kujibu maswali hayo matatu kwenye ukurasa mmoja wa karatasi haijawa tayari kusafiri.

Cha kujifunza hakikosekani. Safari iliyopangwa vizuri yafaa ianzie Bagamoyo, ambako Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa Livingstone mwezi Februari 1874, baada ya wafuasi wake kuubeba kwa miguu kwa miezi mingi kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watoto wengi hulijua jina la Livingstone. Ni wachache wayajuao majina ya Chuma na Susi walioongoza msafara ule. Chuma alikuwa amebatizwa kwa jina la James. Susi aliitwa Abdullah, naye alibatizwa miaka mingi baadaye, mwaka 1886. Mwalimu mwenye busara atawauliza wanafunzi wake: ni imani gani iliyowafanya watu wa asili mbalimbali wabebe mzigo mmoja mpaka mwisho wa safari? Swali hilo moja lina elimu ya dini kuliko hotuba ya saa nzima.

Kutoka huko wavuke hadi Mkunazini. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulilifunga soko la watumwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la Kanisa la Kristo liliwekwa palepale. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo, alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Humo kanisani umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Wanafunzi waelezwe pia kwamba Steere alikuwa mtumishi mkubwa wa lugha yetu, na kwamba Kiunguja alichokiandika na kukichapa ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Waoneshwe Kiungani na Mbweni, waliposoma wavulana na wasichana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Wasikie habari za Cecil Majaliwa, mtoto aliyekombolewa utumwani, akasoma, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri. Kijana wa miaka 14 aliyedhani kwamba Ukristo uliletwa na kukuzwa na wageni peke yao atarudi kwao akiwa na fikra nyingine.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wengi hulikwepa. Habari za utumwa zikisimuliwa ovyo huweza kuzaa chuki. Mtoto wa Kikristo akiambiwa kwamba watu wa dini fulani waliuza watu na watu wa dini yake waliwaokoa, basi huyo hakufundishwa historia, amepewa kisu. Ukweli ni mpana zaidi. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Nchi zilizojiita za Kikristo ziliwasafirisha mamilioni ya Waafrika kuvuka Atlantiki. Na hapa kwetu biashara hiyo iliwashirikisha watu wa pwani, wa bara na wa ng'ambo, kila mmoja kwa tamaa yake. Mtoto aelezwe yote, kisha aulizwe dhamiri yake inasema nini.

Vivyo hivyo kuhusu vile vyumba vya chini ya ardhi vinavyooneshwa Mkunazini. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba vilijengwa pamoja na hospitali ya misheni, baada ya soko kufungwa, na kwamba havikuwa mahabusu ya watumwa. Waongoza wageni wawaambie watoto kwamba hoja hiyo ipo. Soko lilikuwapo, machozi yalikuwapo, wala msiba ule hauhitaji kuongezewa chumvi ili usadikiwe.

Jambo la pili ni bahari. Sisi wa visiwani hatuhitaji kukumbushwa usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wala tarehe 18 Julai 2012, Skagit ilipopinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya watu walipotea, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Misiba yote miwili ilitokea katika majira ya kusi. Likizo ya Juni nayo huangukia katika majira hayo hayo. Hatusemi kwamba watoto wasivuke wakati wa kusi. Tunasema kwamba anayepanga safari asome kwanza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na awe na siku moja ya akiba, ili bahari ikichafuka asilazimike kusafiri kwa kuogopa kupoteza tikiti. Kila mtoto aandikwe kwa jina lake katika orodha ya abiria. Kila mtoto aoneshwe jaketi la kuokolea liliko na namna ya kulivaa, kabla chombo hakijang'oa nanga. Na chombo kilichojaa kupita kiasi kiachwe kiende zake, hata kama basi linasubiri upande wa pili.

Barabara nayo haina huruma. Msiba wa Karatu wa tarehe 6 Mei 2017, uliowaua wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva, umetufundisha kwamba gari la wanafunzi halikodiwi kwa kutazama bei peke yake. Breki, matairi na mapumziko ya dereva ni sehemu ya mtaala wa safari. Na watoto wasisafirishwe usiku.

Jambo la tatu ni ulezi. Kwa maoni yetu, kila watoto kumi wapaswa kuwa na mtu mzima mmoja, na wasichana wawe na walezi wa kike usiku na mchana. Isiwe halali kwa mtu mzima yeyote, awe mwalimu, katekista au mchungaji, kukaa faraghani na mtoto mmoja. Shule iwe na karatasi ya kila mtoto yenye simu ya mzazi, idhini yake iliyotiwa saini, na maradhi yanayojulikana, kama pumu, kifafa na selimundu, pamoja na dawa zake. Na katika shule za makanisa ambamo wamo pia watoto wa dini nyingine, mtoto asilazimishwe kusali ibada isiyo yake. Uhuru huo umeandikwa katika ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977.

Jambo la nne ni fedha. Mara nyingi ziara hutangazwa wiki tatu kabla, nao watoto wa wakulima na wavuvi hubaki nyumbani, huku wenzao wakirudi na picha. Ziara ya imani inayowaacha maskini nyuma imekwisha kupingana na mafundisho yake kabla ya kuanza. Waswahili wamesema haba na haba hujaza kibaba: mchango uanze mwaka mzima kabla, kidogo kidogo, hesabu zisomwe mbele ya wazazi, na parokia zitenge fungu kwa wasiojiweza.

Kwa wenyeji wenzetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watoto hawa wanatoka sehemu ambazo baadhi yao hawajapata kuishi mahali penye Waislamu wengi namna hii. Wafundishwe kabla ya kuja kuvaa mavazi ya heshima, kutoa shikamoo, na kutokula hadharani mchana wa Ramadhani. Nasi tuwapokee kama wanetu. Ingekuwa vema pia ratiba iwafikishe Kizimkazi, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, wapate kujua kwamba jirani yao naye ana mizizi mirefu katika ardhi hii.

Mwisho, kwa maofisa wa Serikali. Tunaomba masharti ya ziara za wanafunzi yawekwe wazi mahali pamoja, ili mwalimu asizungushwe ofisi hadi ofisi mpaka siku ya safari inapofika hana kibali. Tunaomba wakaguzi wa bandarini wahesabu vichwa vya abiria, wasihesabu karatasi tu. Tunaomba waongoza wageni wapatiwe mafunzo ya historia yaliyo ya haki. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu atakayekubali kuulizwa endapo hayakutendeka.

Mzazi anayemkabidhi mwalimu mtoto wake wa miaka 13 avuke bahari, amempa amana. Amana hiyo husafiri kutoka mkono wa mwalimu hadi wa dereva, wa nahodha, wa ofisa wa bandari na wa mwenyeji, kisha hurudi kwake. Kila mkono utakaoishika uishike kama wake.