Jiwe la Kipushi lililodanganya jicho

Wachimbaji wenzetu, hapa Luvungi tunajua mawe kwa jicho na kwa kiganja. Unaokota, unageuza, unasikia uzito, unasema: hii njo yenyewe. Ujuzi huo tuliupata kwa wakubwa wetu na hautudanganyi mara mingi. Lakini kuna jiwe moja la inchi yetu lililodanganya hata mainjinia.

Ni la Kipushi, kilometa kama 30 kutoka Lubumbashi, mpakani na Zambia. Wakati wa Union Minière walikuwa wanalitoa chini pamoja na shaba. Lilikuwa linang'aa, rangi yake inavuta kwa machungwa, basi wakalihesabu kuwa aina ya borniti, lile jiwe la shaba linalojulikana sana. Mwaka 1948 ndipo Vaes alionyesha kwamba ni madini mengine kabisa. Likaitwa renieriti, kwa jina la Armand Renier, mjuzi wa mawe wa Ubelgiji. Ndani yake mna germani, metali inayotafutwa leo kwa ajili ya nyuzi za kioo za intaneti na vyombo vya kuonea usiku.

Germani yenyewe ilijulikana mwaka 1886 kule Ujerumani, juu ya hesabu iliyokataa kutimia. Clemens Winkler alipima jiwe moja la feza, akajumlisha vyote, akakuta karibu 7 kwa mia zimepotea. Mwingine angelaumu mizani. Yeye alitafuta mpaka akaipata.

Sasa, kujua kilichomo ndani ya jiwe si kujua kimekaa namna gani. Fikirieni kreti ya Primus: kila chupa ina tundu lake. Ndani ya jiwe ni vile vile, kila chembe ina nafasi yake. Ili kuziona, wajuzi wanapitisha mionzi, ile ya radio ya hospitali. Lakini mionzi hiyo inatofautisha chembe kwa hesabu ya elektroni zake: chuma 26, shaba 29, zinki 30, germani 32, arseniki 33. Zinakaribiana sana! Ni kama chupa zote zina rangi moja. Kwa hiyo mwaka 1989 Bernstein na wenzake walisaga jiwe, wakalipiga na nutroni, ambazo zinaona kwa njia nyingine. Kwa kawaida ya ukoo huu, kila metali inapata salfa yake moja. Humu metali ni 17 kwa salfa 16. Moja imejibanza katikati ya zingine.

Hapa tunaomba msome polepole. Bernstein alikuwa amekwisha onyesha kwamba ndani ya renieriti zinki na germani zinaweza kutoka pamoja, na shaba na arseniki zikaingia mahali pao. Tumefanya hesabu. Kilo 100 za renieriti safi yenye zinki zina karibu kilo 9 za germani. Ile iliyokwisha badilika ina kilo 4 na nusu tu, na arseniki inakaribia kilo 5. Arseniki ni sumu, na anayechoma au kusaga jiwe kama hilo ndiye anavuta moshi na vumbi lake. Kwa jicho, ni jiwe lile lile. Bei si ile ile, na kifua cha mchimbaji hakilipwi popote.

Tuliyakumbuka hayo juzi, tulipopeleka magunia ya kasiteriti kwa mnunuzi mmoja. Alikuwa na kile kimashini cha mkono kinachofanana na bunduki ndogo. Alikielekeza kwenye mchanga, akaangalia kioo, akatutajia bei. Kimashini hicho kinasoma metali zilizomo na kiasi chake, ni kizuri, hatukikatai. Tuliomba tu atugeuzie kioo na sisi tusome. Alisema betri imekwisha. Kisha akaita waliokuwa nyuma yetu kwenye mustari, akawapimia.