Nta ni Mali: Msiitupe

Enyi wafugaji wa nyuki wa Usagara, wengi wenu mkiisha kukamua asali huyatupa masega. Hiyo ni hasara, maana ndani yake mna nta, nayo ilinunuliwa na watu wa Ulaya tangu zamani za Wadachi.

Msiyaweke masega siku nyingi, yasije yakaliwa na viwavi wa nondo. Yaosheni, yatieni katika mfuko wa gunia, kisha yapasheni moto katika sufuria ya maji ya mvua. Nta huyeyuka kwa joto la digrii 64 hivi, kabla maji hayajachemka. Chombo cha chuma huitia weusi. Na nta isiyo na maji juu ya moto huwaka. Mfuko ungali moto, ukamueni kwa miti miwili, mwuondoe. Maji yapoe polepole hata asubuhi. Nta itaganda juu. Kwangueni taka za chini yake.

Kidogo wekeni kwa mishumaa, kwa uzi wa viatu, na kwa kupaka mzinga mpya, nyuki wavutwe na harufu. Iliyobaki uzeni. Msichanganye mafuta ya mnyama wala mchanga ili kuzidisha uzito. Mnunuzi huivunja akaitazama. Akidanganywa na mmoja, huwashushia bei wote.